Ridhaa ya bondia inaishia raundi ya ngapi?

Mshika Taulo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo lenyewe nimekaa nalo moyoni muda mrefu.

Mimi ni mtu wa ngumi. Nilipigana ngumi za ridhaa, zile zisizo za kulipwa, nikiwa kijana, sikufika mbali, nikahamia kwenye kona, kumhudumia bondia kati ya raundi. Kazi yangu ni ndoo, barafu, mafuta ya mgando, kinga ya meno na taulo, lile ambalo kona ikilitupa ulingoni pambano linasimamishwa. Kwa miaka kadhaa nilisimama nyuma ya kijana mmoja niliyemlea jimu tangu yuko darasa la saba. Akakua, akaingia ngumi za kulipwa, na mama yake mpaka leo ananiita mwalimu. Jina lake nalihifadhi.

Usiku mmoja tulikuwa na pambano la raundi nane, Dar. Mpaka raundi ya nne tunaongoza. Raundi ya tano akala ngumi ya kulia juu ya sikio. Haikuwa ngumi ya kumwangusha mtu, ukumbi haukupiga hata kelele. Mimi niliiona kwa sababu mguu wake wa kushoto ulichelewa. Mwili ulikwenda, mguu ukabaki nyuma kidogo, kisha ukafuata.

Mwisho wa raundi ya sita akarudi kona. Nikamkalisha, nikamtoa kinga ya meno, ikatoka na uzi mrefu wa mate na damu. Nikamuuliza, "Tuko wapi?" Akanitajia ukumbi mwingine, tulikopigana mwaka uliotangulia. Nikamuuliza, "Uko sawa?" Akanitazama, akasema kwa sauti yake ileile ya siku zote, "Niko sawa kaka. Namuweza huyu."

Taulo lilikuwa begani kwangu. Nikamrudisha ulingoni.

Alimaliza raundi zote nane akiwa wima. Tukapoteza kwa pointi. Chumba cha kubadilishia nguo akatapika, tukasema uchovu. Akalala kwenye benchi, tukasema apumzike. Tulipomwamsha, haamki vizuri. Gari la wagonjwa halikuwepo. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji, kichwa chake mapajani kwangu, na kila tuta nilikuwa nakikamata kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Akafanyiwa upasuaji. Hakufa, Mungu ni mwema. Leo anatembea, anacheka, ana mkokoteni wa juisi ya miwa. Lakini mkono wa kulia haushiki kalamu, na binti yake wa miaka minne yeye anamwita kwa jina la dada yake mwenyewe aliyefariki zamani. Mtoto ameshazoea, anaitika tu.

Sasa hoja yangu. Kila nikisema kwamba jambo hili linanisumbua, naambiwa: alikubali mwenyewe, alisaini, ni mtu mzima. Na mimi miaka yote nilikuwa nasema hivyohivyo kwa wengine. Ila aliyesaini mkataba ule alikuwa kijana mwenye akili timamu, amekaa kwenye kiti cha plastiki, kalamu mkononi. Aliyeniambia "niko sawa" hakujua hata yuko ukumbi gani. Ubongo unaotoa ridhaa ndio huohuo unaopigwa. Mchezaji wa mpira akivunjika mguu, kichwa chake bado kinaweza kusema "nitoeni". Bondia akiumia, kinachoumia ndicho kilichotakiwa kusema.

Mwaka 2019, Marekani, Maxim Dadashev wa Urusi alipigana na Subriel Matías. Mwisho wa raundi ya 11 kocha wake, Buddy McGirt, alimwinamia akamwambia anasimamisha pambano. Dadashev akatikisa kichwa kukataa. Kocha akambembeleza, kijana anakataa tu. McGirt akamgeukia refa akamwambia basi. Siku nne baadaye Dadashev akafariki. Yule aliyetikisa kichwa alikuwa nani hasa? Na Juni 2022, Durban, Simiso Buthelezi alikuwa anashinda. Mpinzani ameangukia kwenye kamba, refa anawaanzisha tena, Buthelezi akamwacha mwenzake nyuma, akaenda kwenye kona tupu na kuanza kurusha ngumi hewani, anapigana na mtu asiyekuwepo. Alifariki siku mbili baadaye. Ile video nimeitazama mara moja, sitaitazama tena.

Swali ninalolileta kwenu: kama ridhaa ya bondia inaweza kufutika katikati ya pambano na yeye mwenyewe asijue, sisi tuliobaki na akili zetu, kona, refa, daktari, promota, na waliolipa kiingilio, tunaendelea kuuhalalisha mchezo huu kwa ridhaa ya nani?

Kijana wa Konde

Kaka, pole sana kwa kijana wako. Nasema hivyo kwa moyo wote kabla sijakupinga.

Mimi ni bondia, nina mapambano 12 ya kulipwa. Baba yangu alikuwa kuli, amebeba magunia miaka 30. Mgongo wake umekwisha, anakwenda chooni kwa kushikiliwa. Hakuna aliyekaa kikao kujadili kama kubeba magunia ni haki au si haki. Wenzangu wawili wa mtaani wamekufa kwa bodaboda. Mjomba wangu yuko machimboni, anashuka shimoni kwa kamba. Hao wote hawaulizwi maadili. Akitokea kijana ameamua kutumia mwili wake kwa kazi ambayo watu wanamshangilia, wanamjua kwa jina, mama yake anapata heshima mtaani, ndipo wasomi wanakuja na maswali.

Ngumi zilinitoa kijiweni. Saa 11 alfajiri nakimbia, saa 3 usiku nalala, pombe siijui, bangi niliacha. Kama mnataka kuniondolea ulingo, niambieni mnanipa nini badala yake. Msininyang'anye mkate halafu mniite mhanga.

Mshika Taulo

Mdogo wangu, nakusikia, na sijasema ngumi zipigwe marufuku. Ungenijua usingedhani hivyo.

Ila tofauti ya gunia na ngumi iko hapa. Kuli akiumia, kazi imeharibika. Bodaboda akianguka, safari imeshindikana. Hakuna abiria aliyelipa nauli ili aone dereva anaanguka. Kwetu sisi mtu akizimika, kazi ndiyo imekamilika, na ukumbi mzima unasimama. Tunamfundisha kijana lengo ni kidevu, ni nyama ya nyuma ya sikio, na mimi nimefundisha hivyo kwa miaka. Hatari ya machimboni ni gharama ya dhahabu. Yetu ndiyo dhahabu yenyewe. Naomba ulipime hilo, usinijibu leo.

Mzee wa Ziwani

Nawasalimu kutoka Nairobi. Kwa umri wangu mtaniruhusu nikumbushe jina ambalo vijana wa siku hizi hapa Kenya hawalitaji tena: Robert Wangila.

Olimpiki za Seoul, 1988. Fainali, Wangila na Mfaransa Laurent Boudouani. Raundi ya pili Mfaransa yuko chini. Kenya mpaka leo haijapata dhahabu nyingine ya Olimpiki nje ya riadha. Hiyo moja tu. Sisi tulizunguka na matatu tukipiga honi kama watu tuliopata uhuru mara ya pili. Nilikuwa kijana, nilipoteza kiatu na sikurudi kukitafuta.

Kisha akaenda Amerika kutafuta pesa. Julai 1994, Las Vegas, akapigana na David Gonzalez. Refa akasimamisha pambano raundi ya tisa. Mwanzisha uzi, sikiza hapa: Wangila alikataa. Alikuwa amesimama, analalamika kwa nini wamemsimamishia. Baadaye chumbani akaanguka, akapoteza fahamu. Siku mbili na akawa amekufa. Miaka 26.

Kwa hivyo refa yule alifanya kazi yake, alisimamisha, na bado ilikuwa imechelewa. Lile swali lako la ridhaa tusiliulize raundi ya saba peke yake. Mara nyingi damu huwa imeshaanza kumwagika ndani wakati yeye bado anabishana na refa. Na kitu kinachoniuma hata leo ni kuwa bingwa aliyeipa nchi furaha ile, nchi ilimwona tena akiwa kwenye sanduku.

Bibi Mwembetanga

Assalaam alaykum. Mie ni mama wa Unguja, umri wangu wa bibi sasa, na nimeusoma uzi huu wote kwa sababu kwetu jambo hili tumeishi nalo.

Wengi wenu wa bara hamjui kuwa Zanzibar ngumi zilikuwa marufuku tangu enzi ya Mzee Karume, baada ya Mapinduzi. Sie tumekua hivyo, tumezaa hivyo. Mwaka 2022 ndio serikali ikaondoa marufuku. Siku niliyosikia, nilikaa kimya. Nilikuwa nawaza wajukuu wangu wa kiume.

Kwa dini yetu, Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kumpiga mtu usoni hata katika ugomvi. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Na mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita, jumuiya ya Waislamu wa dunia, kule Makka lilitoa uamuzi kuwa ngumi kwa namna inavyochezwa leo ni haramu, kwa kuwa kila mmoja anajihalalishia kumdhuru mwenzake. Sisemi haya ili nimhukumu mtu. Nasema kwa sababu mwanzisha uzi ameuliza ridhaa ni ya nani, na kwetu jibu lipo: mwili huu ni amana. Mtu hana ruhusa ya kukukabidhi kichwa chake ukivunje, hata akisaini mara mia.

Lakini nikwambieni na jambo jengine. Marhum baba yangu alimpenda Muhammad Ali kuliko wachezaji wote wa dunia. Oktoba 1974, usiku ule wa Kinshasa, pambano lilianza saa kumi ya alfajiri kwa saa zao, kwetu ikawa saa kumi na mbili asubuhi. Baba katoka msikitini, kaja kakaa na redio yake sikioni, sie watoto tumemzunguka, hatuthubutu kukohoa. Ali alipomwangusha mpinzani wake George Foreman raundi ya nane, baba aliruka hadi kikombe cha kahawa kikapinduka juu ya mkeka. Nchi imepiga marufuku ngumi, na baba yangu analia kwa furaha.

Miaka ishirini na mbili baadae tukamuona Ali huyohuyo kwenye televisheni, Atlanta, kashika mwenge wa Olimpiki, mkono wa kushoto unatetemeka. Baba alitazama mpaka mwenge ukawaka, kisha akaniambia, "Zima, mwanangu." Hakulizungumza tena. Mimi mpaka leo sijui aliona nini, lakini kila nikisikia watu wanagombana kuhusu ngumi namkumbuka yeye na kikombe kile, kisha namkumbuka alivyoniambia nizime.

Kijana wa Konde

Shikamoo bibi. Hili lako sina la kulijibu. Nimelisoma mara mbili.

Wodi ya Usiku

Marahaba kwa kumjibia bibi, na shikamoo kwake na mimi.

Mimi ni mhudumu wa afya, nimepokea majeruhi wa kichwa miaka mingi, wengi wa pikipiki, wachache wa ulingoni. Nataka kueleza kinachotokea, kwa sababu naona watu wanaongea kama ubongo ni bonge la nyama lililojaa fuvu.

Ubongo umekaa ndani ya maji. Kati yake na utando wa nje kuna mishipa midogo ya damu inayovuka. Ngumi ikizungusha kichwa ghafla, fuvu linazunguka, ubongo unachelewa kidogo, mishipa ile inavutika. Ikikatika, damu inaanza kujikusanya polepole na kuukandamiza ubongo. Neno la kushika hapa ni polepole. Mtu anaweza kuongea, akaoga, akadai malipo yake, kisha akaanguka. Ndiyo maana Wangila alibishana na refa. Ndiyo maana kijana wa mwanzisha uzi alimaliza raundi zote nane.

Glovu hazizuii hilo. Zinalinda mifupa ya mkono wa mpigaji. Mkono mtupu ukipiga fuvu unavunjika, kwa hiyo bondia wa zamani alichagua sana pa kupiga. Tangu sheria za Queensberry za 1867 zilizoweka glovu, kichwa kimekuwa shabaha ya kila sekunde. Hata kofia ya ngumi za ridhaa inazuia kuchanika zaidi ya inavyozuia ubongo kuzunguka. Olimpiki ya Rio 2016 wanaume walipigana bila kofia.

Kisha kuna madhara ya polepole, yale ya mazoezini ambayo hakuna anayeyahesabu. Mwaka 1928 daktari Harrison Martland wa Marekani alishaandika kuhusu mabondia wanaotembea kama walevi na kusahau maneno. Karibu miaka 100 sasa, hatuwezi kusema hatukuambiwa. Madaktari wa Marekani na wa Uingereza, kupitia vyama vyao vya kitaifa, walianza kudai ngumi zikomeshwe tangu miaka ya 1980.

Ila naomba niwape kesi moja ambayo mimi naiona ndiyo jibu la swali la ridhaa. Septemba 1991, London, uwanja wa White Hart Lane, Michael Watson na Chris Eubank. Raundi ya 11 Watson alimwangusha Eubank, na kabla kengele haijalia Eubank akasimama, akampiga ngumi moja ya chini kuja juu. Refa akasimamisha pambano raundi ya 12. Watson akaanguka. Hapakuwa na matibabu ya kumfufua pale ulingoni, akapelekwa kwanza hospitali isiyokuwa na upasuaji wa ubongo, ndipo akahamishiwa nyingine. Akakaa siku 40 bila fahamu, akafanyiwa upasuaji mara sita. Aliposhitaki, hakumshitaki Eubank. Aliishitaki Bodi ya Ngumi ya Uingereza iliyotunga kanuni za huduma. Mahakama ya Rufaa mwaka 2000 ikasema bodi inawajibika. Watson alikubali kupigwa na Eubank. Hakukubali kukosa hewa ya oksijeni kando ya ulingo, maana hilo halikuwa juu yake, lilikuwa juu ya waliokuwa na kanuni mkononi.

Mwaka 2003 alitembea mbio za marathoni za London kwa siku sita, Eubank akiwa pembeni yake siku ya mwisho.

Fundi Rangi Mabibo

Mkuu Wodi ya Usiku, asante sana. Hii elimu ilitakiwa ibandikwe kila jimu. Tuambie dalili za kutazama baada ya pambano.

Wodi ya Usiku

Kichwa kinachouma na kuzidi kuuma. Kutapika. Kusinzia kusiko kwa kawaida. Mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine. Maneno kukokota, mguu au mkono mmoja kulegea. Ukiona mojawapo usimwambie alale apumzike, kimbia naye hospitali yenye kipimo cha CT, kile cha kupiga picha ndani ya kichwa, na usimwache peke yake usiku wa kwanza hata kama ameshinda.

Mshika Taulo

Kutapika na kusinzia. Vyote viwili nilivitazama kwa macho yangu, nikavipa jina la uchovu.

Msomi wa Sinza

Nimesoma kimya, naomba nichangie upande wa sheria na marufuku, maana naona tunazunguka pale.

Nchi kadhaa zilishajaribu kukata mzizi. Iceland ilipiga marufuku ngumi zote mwaka 1956. Cuba ilifuta ngumi za kulipwa mwaka 1962. Sweden ikafuta za kulipwa 1970, Norway 1981. Zote zimerudi nyuma kwa namna moja au nyingine: Iceland iliruhusu za ridhaa 2002, Norway ikafungua mlango mwishoni mwa 2014, Cuba ikaruhusu mabondia wake kulipwa mwaka 2022, mwaka uleule wa Zanzibar. Cuba nayo inafundisha jambo. Walifuta malipo, wakabaki na medali tele za Olimpiki, na vijana wao waliendelea kupigwa kichwani vilevile, bila senti.

Kwa hiyo mimi naona marufuku haimalizi ngumi, inazihamisha. Bibi atanisahihisha, lakini vijana wa visiwani waliotaka ulingo walikuwa wanavuka maji kuja Dar.

Bibi Mwembetanga

Hukukosea, mwanangu. Walikuwa wanapanda boti. Lakini usiseme basi marufuku haikuwa na faida. Kuna mama wengi ambao watoto wao hawakupanda boti.

Mzee wa Ziwani

Kuna mtu hatujamtaja: yule aliyeshinda.

Machi 1962, New York, Emile Griffith na Benny Paret. Raundi ya 12 Paret amebanwa kwenye kona, mikono imeshuka, Griffith anapiga, refa Ruby Goldstein anachelewa. Watu waliona kwenye televisheni. Paret alifariki siku kumi baadaye. Griffith alipigana miaka mingi baada ya hapo, lakini alikuwa mtu mwingine, jambo lile lilimfuata mpaka uzeeni.

Halafu 1982, Ray Mancini na Mkorea Duk Koo Kim, Las Vegas. Raundi ya 14. Kim akafariki. Miezi michache baadaye, mama yake Kim akajiua. Refa wa pambano, Richard Green, naye akajiua mwaka uliofuata. Kwa sababu ya pambano lile WBC, Baraza la Ngumi Duniani, wakapunguza raundi za ubingwa kutoka 15 hadi 12. Hesabu watu wale. Pambano moja la halali, limesimamiwa kwa kanuni zote, na misiba mitatu. Mancini hakuvunja sheria yoyote. Sasa nani alisaini kwa niaba ya mama wa Kim?

Kijana wa Konde

Nimekaa siku mbili bila kuandika. Mwanzisha uzi aliniambia nisijibu siku ileile, nimetii.

Nitasema kitu ambacho hata kocha wangu hakijui. Pambano langu la tisa nilishinda. Watu walinibeba. Raundi mbili za mwisho sizikumbuki. Nilizijua kesho yake kwa kuziona kwenye simu ya rafiki. Najiona nimeinua mkono, najiona nimemkumbatia mpinzani, naongea naye maneno fulani sikioni, na mpaka leo sijui nilimwambia nini. Kwenye kona najiona nimeitikia kwa kichwa. Mtu anayeitikia pale ana sura yangu na kaptula yangu.

Siku ile nilijisifu kwamba mwili unajua kazi hata akili isipokuwepo. Baada ya kusoma hapa, usingizi umenikataa.

Siachi ngumi. Nina mtoto, nina pambano mwezi ujao, tayari nimekula sehemu ya malipo. Ila niambie kaka, kama mimi siwezi kujijua, nifanyeje?

Mshika Taulo

Mdogo wangu, asante kwa kuliandika hilo. Najua lilikugharimu.

Nitakwambia ninavyofanya sasa, si sheria ya mtu yeyote, ni yangu. Mazungumzo ya taulo tunayamaliza wiki mbili kabla, nyumbani kwa bondia, mke au mama yake akiwepo. Ananiambia mbele yao: ukiliona jambo hili na hili, tupa. Hiyo ndiyo ridhaa ninayoitambua, iliyotolewa akili ikiwa nzima, tumbo likiwa limeshiba. Atakachosema ulingoni sikisikilizi. Simuulizi tena "uko sawa?", kwa sababu nimeshaona jibu lake ni lilelile siku zote. Namuuliza raundi ya ngapi, tuko mtaa gani, mpinzani kavaa rangi gani. Akikosea moja, tumemaliza. Natazama miguu, sitazami mikono. Mazoezini hakuna kupigana kwa nguvu zote zaidi ya siku moja kwa wiki, na aliyezimishwa kwa ngumi, yaani KO, hagusi glovu siku 90 hata promota apige simu usiku.

Manila, 1975, Ali na Frazier. Kabla ya raundi ya 15 Eddie Futch alimwambia Frazier basi. Frazier alikuwa haoni vizuri, macho yamevimba, anataka kusimama, Futch akamwekea mkono begani akamkalisha. Raundi moja tu ilibaki. Kuna wanaosema hata Ali alikuwa amekwisha, kwamba Futch alimnyima mtu wake ushindi. Mimi zamani nilikuwa miongoni mwao, nilibishana sana vijiweni kuhusu raundi ile. Sasa naona alikuwa ameshika kitu ambacho Frazier kwa wakati ule hakuwa nacho.

McGirt naye alisimamisha, na Dadashev akafa. Najua. Mzee wa Ziwani amesema kweli, taulo linaweza kuchelewa hata likitupwa. Hilo sina dawa yake, na ndiyo sababu siwezi kukwambia kwamba mchezo huu ni safi ukifuata haya yote. Si safi. Ninachoweza ni kutomtupia mzigo wote mtu aliyepigwa.

Mama Wawili

Samahani kwa kuingilia. Kijana wangu ana miaka 15, ameanza jimu. Nilikuwa nimekuja humu kutafuta kama ni pazuri. Mwanzisha uzi, wewe ungempeleka wako?

Mshika Taulo

Dada, mwanangu wa kiume ana miaka 13. Anaruka kamba, anapiga begi, anakimbia na mimi alfajiri. Ulingoni sijampandisha. Ameniuliza mara mbili, mara zote nimemwambia bado. Sijamwambia bado mpaka lini.

Mama Wawili

Nimeelewa. Asante.

Kijana wa Konde

Kaka, pambano langu ni Jumamosi ya tatu ya mwezi ujao, raundi nane. Kocha nimeongea naye, hana neno. Nataka ukae kwenye kona yangu.

Mshika Taulo

Nilikuwa nimejiapiza sitapanda tena kona ya mtu.

Nitakuja kwako Jumapili. Mama yako awepo, na mkeo. Raundi zile mbili za pambano la tisa uwaambie mwenyewe, mimi sitawaambia.

Kijana wa Konde

Sawa kaka. Jumapili saa kumi jioni. Mama ameshasema atapika.

Kuhusu gari la wagonjwa, promota amesema litakuwepo.

Mshika Taulo

Siku hiyo nitafika ukumbini saa tisa alasiri. Nitalitafuta gari kwanza, nimuone na dereva, nimuulize hospitali anayoijua yenye CT. Nisipoliona hatufungi bandeji za mikononi.